Rangi na Ukingo wa Herufi: Kwa Nini Tulirudia Video ya Zebaki



Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana dogo, yaani rangi na ukingo wa maandishi tunayoweka kwenye video za mradi. Baadhi ya wafadhili wametuuliza kwa nini video ya zebaki ilihaririwa mara mbili, na kamati za sharika nazo zina haki ya kujua.

Wachimbaji wadogo katika maeneo kama Nyarugusu mkoani Geita na Mwakitolyo mkoani Shinyanga hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma bonge linalopatikana ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, nao hudhuru mishipa ya fahamu, figo na mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka uchomaji wa mahali pa wazi na ule wa kwenye makazi ya watu ukomeshwe. Kwa kuwa mvuke hauonekani kwenye picha, onyo linabebwa na sauti na maandishi.

Tuliandika kwa herufi nyeupe: MSICHOME ZEBAKI JIKONI. Kwenye kompyuta ya ofisini yalisomeka vizuri kabisa. Tulipoonyesha jioni kwenye mwalo mmoja upande wa Geita, kwa projekta na shuka, mwanzo wa sentensi ulikuwa umeangukia juu ya bati linalong'aa kwa jua, ukapotea. Jenereta nayo iliunguruma kuishinda spika. Mama mmoja anayejua kusoma akatuuliza kama jikoni ndiko kunakoruhusiwa. Yeye alikuwa ameona CHOME ZEBAKI JIKONI. Katika Kiswahili katazo hukaa kwenye herufi mbili tatu za mwanzo. Zikifutika hizo, tumeruhusu kile tulichokwenda kukikataza.

Tuliporudi ofisini, wazo la kwanza lilikuwa kutumia rangi nyekundu kwa sababu ni rangi ya hatari. Tulijaribu, ikawa vibaya zaidi. Sababu ni kwamba jicho husoma herufi hasa kwa tofauti ya mwanga na giza, siyo kwa tofauti ya rangi. Kwa kipimo cha televisheni za kisasa, katika weupe kamili kijani huchangia karibu asilimia 72 ya mwanga, nyekundu 21, na bluu 7 tu. Ndiyo maana njano, ambayo ni nyekundu na kijani pamoja, inakaribia weupe kwa mwanga, na nyekundu peke yake juu ya udongo mwekundu wa machimbo huzama. Tena video nyingi, zikiwemo za simu, huhifadhi mwanga wa kila nukta ya picha, lakini rangi huhifadhiwa moja kwa nukta nne. Herufi nyekundu juu ya kijani au bluu hutoka na kingo zilizochafuka, na video ikishatumwa kwa simu kutoka mtu hadi mtu huzidi kuharibika. Wapo pia watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Dawa yake ni ukingo mweusi unaoizunguka herufi. Herufi ya njano au nyeupe yenye ukingo mweusi huonekana kwenye giza kwa mwili wake, na kwenye mwanga kwa ukingo wake. Programu ya bure ya Kdenlive tunayotumia ina sehemu ya kuchagua rangi ya ukingo na unene wake. Kwa picha yenye kimo cha nukta 1080 tulianza na herufi za nukta 80 na ukingo wa nukta 5. Ukingo ukizidi, matundu ya herufi kama A na B huziba. Na kwa kuwa baadhi ya programu huchora nusu ya ukingo ndani ya herufi, ni heri kuchagua herufi nene. Mapambo ya video za harusi, yaani herufi zinazoruka na kila moja rangi yake, tuyaache harusini.

Hata hivyo ukingo una mpaka wake. Projekta haiwezi kumulika weusi. Weusi wake ni shuka lisilomulikwa. Kabla giza halijaingia, ukingo huo huwa kijivu tu. Kwa hiyo sasa tunaonyesha baada ya giza kuingia, na nyuma ya maneno ya makatazo tumeweka mkanda mweusi mzima, ili bati au mawingu yasiwe na nafasi. Maandishi hukaa mbali na kingo za picha, kwa sababu televisheni za chogo hukata pembeni, na hayaondoki mpaka msomaji wa polepole ayasome mara mbili. Kwa wasiosoma, maneno yaleyale yanasemwa kwa Kisukuma, na jenereta huwekwa mbali.

Kinachotusumbua bado ni nakala ya kwanza, ambayo ilishasambaa kwenye simu za watu kabla hatujagundua kosa. Tunaziomba kamati za sharika ziangalie simu zao na za wanavikundi. Nakala sahihi ina mkanda mweusi chini ya neno MSICHOME. Isiyo na mkanda ifutwe, na mpya ichukuliwe ofisini bila malipo.