Shehena ya Kigoma i Wapi?

Mwezi wa Oktoba 1871, David Livingstone aliwasili Ujiji akiwa hoi kwa maradhi. Alitumaini kuzikuta bidhaa alizopelekewa kutoka Unguja, maana nguo na shanga ndizo zilizokuwa fedha ya safari siku hizo. Alikuta zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Mfuko wa barua zake, ulioondoka Unguja Novemba 1870, nao ulikuwa umekwama Unyanyembe, karibu na Tabora, hata Henry Stanley alipoufikisha baada ya kiasi cha mwaka mzima.

Mkasa huo waeleza tatizo ambalo halijakwisha: mwenye mali yuko mbali na mali yake. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, nyaya zilizofuatana nayo ziliwezesha stesheni moja kuiarifu nyingine kwamba treni imepita. Hata hivyo, yaliyotokea baina ya stesheni mbili hayakujulikana.

Siku hizi pengo hilo huzibwa na chombo kidogo kinachofungwa katika lori, behewa au mlango wa kontena. Chombo hicho hupokea mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne, zizungukazo dunia kwa kimo cha kilomita zipatazo 20,200, na kwa kulinganisha muda mawimbi yaliochukua kufika, hukokotoa mahali kilipo. Kisha hupeleka habari hiyo kwa mtandao wa simu za mkononi hadi kwenye kompyuta ya mwenye shehena. Vipo pia vinavyopima joto, au kutoa taarifa mlango ukifunguliwa kabla ya wakati.

Kwa nini makampuni hukubali gharama hiyo? Sababu ya kwanza ni forodha. Bidhaa zinazoteremshwa Dar es Salaam kwenda Burundi au Kongo hupita nchini bila kutozwa ushuru, kwa sharti kwamba iwekwe dhamana. Zikiuzwa njiani, dhamana hudaiwa. Kwa hiyo Mamlaka ya Mapato Tanzania hutumia mihuri ya kielektroniki kuzifuatilia shehena za namna hiyo. Kenya, Uganda na Rwanda nazo ziliungana katika mfumo wao wa pamoja mwaka 2017. Hapa kampuni haichagui, hutii sheria. Lakini hunufaika pia, kwani ushahidi wa safari husaidia dhamana kufunguliwa mapema.

Sababu ya pili ni muda. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilomita zipatazo 1,250 kwa reli, na mbele yake kuna ziwa lenye urefu wa kilomita 673. Meli ikingoja behewa lisilojulikana liliko, au behewa likingoja meli, vyote viwili hula gharama bila kuzalisha. Anayejua saa ya kufika huweza kuwaandaa makuli, ghala na chombo cha kuvukia.

Sababu ya tatu ni uharibifu. Chanjo iliyopata joto haionyeshi kasoro kwa macho. Kumbukumbu ya kipimajoto ndiyo itakayoufichua ukweli.

Hata hivyo, faida hizi hazigawanyiki sawasawa. Kampuni yenye malori mengi huweza kuajiri mtu wa kusoma taarifa hizo usiku na mchana. Mfanyabiashara wa Kibirizi anayepakia saruji au magunia ya unga katika boti la mbao hategemei setilaiti. Humtegemea nahodha anayemfahamu. Mbali na pwani, mahali ambapo mtandao wa simu haufiki, chombo huweka kumbukumbu na kuituma baadaye, au hutumia setilaiti kwa gharama kubwa zaidi. Mteja akianza kudai uthibitisho wa safari, mwenye boti atahesabiwa kuwa si mwaminifu, ingawa hajapoteza hata gunia moja.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba chombo hueleza mzigo ulipo, wala hakiuondoi hapo. Behewa lililokwama kwa sababu ya tuta la reli kusombwa na mvua litaonekana wazi katika kompyuta, na litabaki limekwama. Livingstone angaliarifiwa mapema kwamba nguo zake zinauzwa, bado angalihitaji mtu wa kuaminika pale Ujiji wa kuuzuia mnada.