Mpishi wa Marka

Utotoni niliwaona wazee mtaani kwetu wenye makovu ya ndui usoni. Leo ndui haipo. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa kwa njia ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Marka, Somalia, mwaka 1977. Chanjo ilikuwapo, yeye aliikwepa kwa kuogopa maumivu. Alipona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetokomezwa.

Baadaye Ali aliingia katika kampeni ya chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi kosa lake, mpaka alipofariki mwaka 2013.

Ndugu msomaji, sayansi hutengeneza chanjo, lakini mlango wa mzazi hufunguliwa na mtu anayeaminika. Tusimtume mmoja bila mwenziwe.