Feza yetu inalala nyumbani kwa nani?



Juma hili ninataka tuongee juu ya swali moja lililokata mkutano wa kikundi chetu cha Katuba katikati. Sanduku lilikuwa na feza. Mwezi ule wakopaji walikuwa wachache, na feza ilikuwa inalala bure. Yaya mmoja akasimama, akasema: «Kwa nini tusifanye Lambert? Waalimu wamejaa mtaani, na mshahara wao unakawia. Tuwape 100,000, waturudishie 150,000.» Wengine wakacheka, wengine wakapiga makofi. Hesabu yake haikuwa na kosa. Mimi nilinyamaza, maana mwalimu aliyekuwa anasemwa pale ni mimi.

Banki Lambert hamna haja ya kuelezwa. Jina ni la banki ya zamani ya Ubelgiji, ambayo haina habari na mambo yetu. Hapa kwetu ni jina la deni lolote linalozaa nusu yake, au theluthi yake, kwa mwezi mmoja. Miaka michache iliyopita mtoto wangu aliugua juma lile lile ambalo minervali ya mkubwa wake ilikuwa inadaiwa. Nilienda kwa mama mmoja wa mtaa wetu. Alinipa franka 100,000, akachukua karti yangu ya banki pamoja na namba yake ya siri. Mwisho wa mwezi alienda mwenyewe kutoa feza, akakata 50,000 zake, akaniletea mabaki. Deni likabaki vile vile. Miezi mitatu nilimlipa 50,000 kila mwezi, na bado nilikuwa ninadaiwa 100,000 zilezile. Mwezi wa nne nikamaliza. Fanyeni hesabu: nilikopa 100,000, nikalipa 300,000. Ninafundisha asilimia darasani kila mwaka, lakini siku ile sikuihesabu, kwa sababu mtoto alikuwa na homa.

Sasa ileteni hesabu hiyo kwenye sanduku la kikundi. Vikundi vyetu vingi vinafuata njia ya AVEC, ambayo ni mkubwa wa likelemba. Katika likelemba feza inapita tu: leo inaingia kwa huyu, kesho kwa yule, na haizai kitu. AVEC inanunua sehemu, inakopesha wanachama, na mwisho wa mwaka inagawa yote. Njia hiyo ilianza Niger, upande wa Maradi, mwaka 1991, na shirika la CARE, kwa wamama ambao wengi hawakujua kusoma. Ndiyo maana kuna sanduku lenye vifuli vitatu na wenye funguo watatu, na ndiyo maana feza inahesabiwa mbele ya wote. Katika kikundi chetu faida ni 5 kwa mia kwa mwezi. Kama ningekopa zile 100,000 humo kwa miezi minne, ningelipa faida 20,000, na siku ya kugawana sehemu ya hizo 20,000 ingenirudia mimi mwenyewe. Kwa Lambert nililipa faida 200,000, na hakuna hata franka moja iliyorudi.

Kwa hiyo nilipopata sauti niliuliza swali moja tu: 200,000 zile zilitoka wapi? Zilitoka kwenye sahani za nyumba yangu. Kikundi kikifanya Lambert, faida yake itatoka kwenye sahani za nyumba ya jirani, na jirani huyo ndiye anayewafundisha watoto wetu asubuhi, au ndiye anayenunua mboga zetu jioni. Akikosa feza, nani atanunua lengalenga mezani petu?

Yaya akanijibu, na jibu lake lilikuwa na uzito: «Mwalimu, sisi tusipompa, atampata mwingine wa kumpa kwa bei mbaya zaidi.» Ni kweli. Ndipo tukaanza kuongea vizuri.

Kuna watu ulimwenguni wanaofanya kazi ya kuuliza swali hilo hilo kwa feza nyingi sana. Mwaka 1977 pasta mmoja mweusi wa Marekani, Leon Sullivan, aliyekuwa anakaa katika baraza la wakubwa wa kampuni ya General Motors, aliandika masharti ya namna makampuni ya Marekani yapaswa kutendea wafanyakazi weusi katika Afrika ya Kusini ya ubaguzi. Makanisa na vyuo vikuu vikaanza kuuliza: feza yetu imewekwa katika kampuni gani, na kampuni hiyo inafanya nini kule? Wengine wakaitoa. Leo maswali ya namna hiyo yamefika mpaka kwetu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, katika udongo wa hapa na wa Kolwezi, na watu wa Ulaya wanataka kujua imechimbwa na mikono ya nani, kama kuna mtoto ndani. Ninafurahi waulize. Lakini ni haya kwetu ikiwa mtu wa mbali anauliza kobalti yake imetoka wapi, na sisi hatuulizi sanduku letu linakula wapi.

Basi kama si Lambert, feza inayolala iende wapi? Kikundi chetu kilijaribu mahindi mwaka jana, kwa magunia machache, na ninataka kuwaeleza yaliyotokea, mazuri na mabaya.

Kila mama wa Lubumbashi anajua mwezi wa pili. Mahindi mapya hayajakauka shambani, na meka ya unga inapanda kila ukirudi sokoni. Sehemu kubwa ya unga wetu inapita Kasumbalesa kutoka Zambia, kwa hiyo Zambia ikifunga mlango, sisi tunasikia tumboni. Mwaka 2024 ukame ulipiga kule mpaka Rais Hakainde Hichilema akautangaza kuwa msiba wa taifa. Lakini mwezi wa tano na wa sita wakulima wa njia ya Kipushi na ya Kasenga wanauza kwa haraka, kwa bei ya chini, kwa sababu nao wana minervali. Mwenye feza mkononi siku hiyo ananunua vizuri.

Hapo ndipo pa kuangalia. Kununua mwezi wa sita na kuficha mpaka mwezi wa pili, halafu kumuuzia jirani kwa bei ya njaa, ni Lambert iliyovaa gunia. Tuligombana sana juu ya jambo hilo. Mwisho tukakubaliana: gunia linagawanywa kwanza kwa wanachama, kwa bei ya kununulia, pamoja na usafiri na kidogo cha sanduku. Kinachobaki tu ndicho kinachoenda sokoni. Na mkulima tunamlipa siku ile ile. Hatumwambii «rudi juma lijalo».

Faida ilikuwa ndogo kuliko ya Lambert, siwafichi. Tena magunia mawili yaliharibika kwa sababu tuliyapokea yakiwa mabichi, tukayalaza chini kwenye simenti. Mahindi yenye ukungu hayafai kuliwa, hata ukiyaosha, hata ukiyasaga: yana sumu inayoharibu ini. Tuliyatupa, na roho ikauma. Tangu siku ile tunapima kwa chupa. Chukua chupa kavu, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, funga, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi yana maji bado. Ikianguka chini yote, nunua. Na magunia yalale juu ya mbao, mbali na ukuta.

Jambo ambalo sikulitazamia ni hili. Siku ya kupanga safari ya kwenda kununua, nilichukua ubao nikaandika kila mama anafanya kazi gani. Tulikuwa ishirini na tatu. Mmoja bwana yake ana kinu cha kusaga. Mmoja kaka yake ana shamba huko huko tulikokuwa tunatafuta mahindi. Mmoja anafuga kuku, na pumba za kinu alikuwa anazinunua Ruashi, kwa mtu asiyemjua. Wawili wanashona. Mmoja anapika vitumbula kila asubuhi mbele ya shule, na unga wake alikuwa anauchukua kwa deni dukani. Miaka miwili tulikuwa tunakaa duara moja kila juma, tunahesabu feza, tunaimba, tunaagana, kisha kila mmoja anaenda kununua kwa mgeni kile ambacho jirani yake wa kiti anauza. Watu wa biashara wakubwa wanalipa feza nyingi ili wakutane hotelini: kuna Mining Week ya kila mwaka hapa Lubumbashi, na kuna Makutano, muungano wa wakubwa wa biashara ulioanzishwa na Mama Nicole Sulu, Kinshasa, mwaka 2014. Sisi tulikuwa na mkutano wetu bure chini ya mwembe, na hatukuutumia. Fanyeni ubao huo katika kikundi chenu. Unachukua nusu saa.

Wale wawili wanaoshona walinifundisha jambo lingine. Walitaka kushona nguo za kazi kwa kampuni moja ya migodi. Sheria iko upande wao: sheria ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 inasema kazi ndogo ambazo kampuni kubwa inawapa wengine zinatengwa kwa makampuni ambayo feza yake kubwa ni ya Wakongomani. Lakini mlangoni wanaulizwa namba ya biashara, namba ya kodi, na karatasi zingine. Mama wa mashini moja hana. Kwa sheria ya OHADA, ambayo Kongo inaifuata tangu 2012, watu watano tu wanaweza kuandikisha koperative ndogo. Ile kubwa yenye baraza la kuongoza inataka kumi na watano. Wawili wetu wakitafuta watatu wa kikundi kingine, karatasi inawezekana. Na yule anayeogopa nyumbani ajue: tangu Sheria ya Jamaa ilipobadilishwa mwaka 2016, mke haombi tena ruhusa ya bwana ili afanye mapatano ya biashara. Inasemwa wote wawili wasikilizane, yaani hata bwana anapaswa kumuuliza mke. Mukae naye muongee, lakini muongee mkijua hivyo.

Wanaokaa karibu na mgodi, nawapa neno moja zaidi. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inataka kila kampuni inayochimba itoe si chini ya 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wa pale. Namba inaonekana ndogo. Kampuni ikiuza kwa dola milioni 100, ni dola 300,000. Feza hiyo inaamuliwa mezani, na wajumbe wa wakaaji wanakaa kwenye meza hiyo. Ulizeni ni nani amekaa pale kwa jina lenu, na kama kuna mwanamke hata mmoja. Mwanaume akiulizwa kijiji kinahitaji nini, mara nyingi anataja barabara. Mama anataja maji. Vyote viwili ni kweli, lakini wa pili lazima awe chumbani.

Kuna na feza ya kukimbia kabisa. Wakubwa wetu wanakumbuka Bindo, Kinshasa, mwaka 1991: weka feza, baada ya muda mfupi inarudi mara nyingi. Wa kwanza walilipwa kwa feza ya wa nyuma, mpaka wa nyuma wakaisha. Siku hizi inakuja kwa simu, ikiwa na picha za magari, na inaletwa na dada wa kanisani aliyelipwa mara ya kwanza na anayesadiki kabisa. Muulize: hiyo faida inatoka kwenye mahindi gani, kwenye nguo gani, kwenye kazi ya nani? Akisema «leta watu wawili», umepata jibu.

Yaya wetu wa Lambert bado hajakubali. Anasema mahindi hayazai haraka, na hapo hasemi uongo. Lakini lile jibu lake la kwamba mwalimu atakopa tu mahali pengine tulilichukua: tumeandika kwamba mtu asiye mwanachama, akiletwa na mwanachama wa kumsimamia, anaweza kukopa kwa 10 kwa mia, bila karti yake kushikwa. Jambo hilo, pamoja na sehemu gani ya sanduku iende kwenye mahindi mwaka huu, litapigiwa kura Siku ya Posho ya mwisho ya mwezi huu, saa nane. Mama wa vikundi vingine wanaotaka kuona wanakaribishwa. Mimi nimeombwa nije na chupa na chumvi.