Kwa nini mmoja anashikwa na pombe na mwingine hashikwi?

(Muziki wa kipindi unashuka.)

MTANGAZAJI: Karibu msikilizaji, popote ulipo hapa Nyarugusu, uwe umetoka Kongo au Burundi. Wiki iliyopita mama mmoja alituuliza: "Nimelea watoto wanne. Kwa nini huyu mmoja anauza unga wa posho apate gongo? Nimekosea wapi?"

Mama, uraibu hauna chanzo kimoja.

Kwanza, ubongo. Pombe huufanya utoe dopamini, kemikali ya raha. Ukinywa kila siku, ubongo unazoea. Kikombe kilichokutosha mwezi jana leo hakitoshi. Mwishowe mtu hanywi kwa raha, anakunywa ili mikono isitetemeke.

Pili, urithi. Karibu nusu ya hatari ya uraibu wa pombe hutoka kwenye ukoo. Si laana, na mtoto wa mlevi si lazima awe mlevi. Lakini ajue kwamba kwake kikombe cha kwanza kina hatari zaidi.

Tatu, umri. Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi. Anayeanza kunywa akiwa na miaka 13 au 14 hushikwa upesi kuliko anayeanza mtu mzima.

Nne, tuliyoyapitia. Aliyeona ndugu yake akiuawa hapati usingizi. Gongo inamlaza usiku wa kwanza, lakini pombe huharibu usingizi wenyewe, hivyo kesho atahitaji zaidi. Ongeza maisha ya kambi: kutoka nje kutafuta kazi hakuruhusiwi, siku ni ndefu, na gongo ipo jirani kwa bei ndogo.

Sasa sikilizeni vizuri. Anayekunywa sana kila siku msimfungie ndani aache ghafla. Anaweza kupata degedege, hata kufa. Mpelekeni kituo cha afya, mkamweleze mganga ukweli: anakunywa kiasi gani, tangu lini. Mkimwona anatetemeka, anatoka jasho, anaona watu wasiokuwepo, msingoje asubuhi.

Na wewe mama, swali la "nimekosea wapi" liache kwanza. Leo jioni, kabla hajatoka, muulize: "Mwanangu, usiku unalala?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Tukutane wiki ijayo, saa hii hii. Amani kwenu.

(Muziki unapanda.)