Fedha za Askari Wasio na Makazi: Amana Mikononi mwa Ofisa

Ni nchi chache zinazomtukuza askari wake hadharani kama Marekani. Katika viwanja vya michezo aghalabu husimamishwa akapigiwa makofi, na kila Novemba 11 taifa zima huadhimisha siku yake. Lakini usiku mmoja wa Januari 2024, wahesabuji waliopita mitaani na katika malazi ya dharura waliwakuta watu 32,882 waliokwisha kuvaa sare ya jeshi hilo hilo, na ambao hawakuwa na nyumba.

Idadi hiyo, pamoja na aibu yake, ni nafuu kubwa. Mwaka 2010 hesabu kama hiyo ilitoa watu karibu 74,000. Tena katika mwaka huo wa 2024 jumla ya watu wote wasio na makazi nchini humo ilifikia 771,480, kubwa kuliko zote zilizopata kuchapishwa tangu hesabu hizo zianze. Maji yalizidi kupanda, na askari wa zamani wakazidi kuokolewa. Ndugu zetu waliokabidhiwa ofisi zinazogawa fedha za umma na za wafadhili hawana budi kuuliza ni jambo gani lililofanyika kwa askari ambalo halikufanyika kwa mfagizi, mpishi na kibarua wa nchi ile ile.

Jawabu la kwanza ni la siasa. Bunge la Marekani huidhinisha fedha za askari bila ya ubishi mwingi, kwa kuwa hapana mwanasiasa anayetaka kuonekana amemnyima. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1932 maelfu ya waliopigana Vita Kuu ya Kwanza walikwenda Washington pamoja na wake na watoto wao kudai malipo waliyoahidiwa kwa sheria ya 1924, wakapiga kambi za mabati na maboksi kando ya mto. Julai 28 mwaka huo Jenerali Douglas MacArthur aliwatoa kwa askari wa farasi, vifaru na moshi wa kutoza machozi, na kambi ikachomwa moto. Malipo yenyewe yalitoka 1936. Waliowatoa walikuwa askari wa taifa lile lile.

Jawabu la pili ndilo linalotuhusu zaidi, nalo ni la uendeshaji. Mwaka 2008 ilipitishwa sheria iliyoiwezesha Wizara ya Askari wa Zamani kutoa ruzuku kwa vyama visivyo vya faida ili viwasaidie askari maskini na jamaa zao wasipoteze nyumba, au waipate upesi waliokwisha kuipoteza. Ruzuku za kwanza zilitoka 2011, kiasi cha dola milioni 60 kwa vyama 85. Baadaye fungu hilo lilipindukia dola milioni 400 kwa mwaka.

Masharti yake yanastahili kusomwa kwa makini. Fedha haimfikii askari mkononi. Hulipwa kwa mwenye nyumba, au kwa shirika la umeme, au kwa mwenye gari la kuhamishia vyombo. Yaweza kulipa malimbikizo ya kodi, amana ya nyumba mpya, hata malezi ya mtoto mama anapokwenda kutafuta kazi. Gharama za uongozi wa chama hazikuruhusiwa kupindukia asilimia 10 ya ruzuku. Na mpango ulipoanza, kila baada ya miezi mitatu chama kilitakiwa kuthibitisha upya kwamba mtu huyo angali anastahiki. Kwa sharti la asilimia 10 mwandishi huyu anaunga mkono moja kwa moja, maana sote tunaijua miradi ambayo wanyonge waliusikia mlio wa magari yake tu.

Ulinganishe mpango huo na mwingine, uliotangulia kwa sheria ya 1992, ambao hulipa vyama kwa kila kitanda kwa kila siku. Kitanda chenye mtu huleta fedha. Kitanda kitupu hakileti. Hapana haja ya kumshuku mtu ye yote kwa wizi ili kuona hatari iliyomo. Chama chema kabisa, chenye mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi, kitakuwa na sababu ya kumweka mtu kitandani ilhali kazi yake ni kumtoa aende kwake. Katika mpango wa kwanza mambo hugeuka: chama huonekana kimefanya kazi pale mtu anapopata ufunguo wa mlango wake. Fedha ni ya serikali ile ile na askari ni yule yule; tofauti ni sentensi moja katika mkataba.

Upo mpango wa tatu, nao ni wa wizara mbili. Wizara ya Nyumba hutoa hati ya kulipia kodi, na askari huchangia kiasi cha asilimia 30 ya pato lake. Wizara ya Askari wa Zamani huleta ofisa ustawi wa kumtembelea. Tangu 2012 mpango huo umefuata kanuni ya nyumba kwanza: mtu hupewa makazi, kisha ndipo husaidiwa kuacha ulevi au kutibiwa maradhi ya akili aliyorudi nayo vitani. Wapo watakaouliza mlevi apewe nyumba kwa ihsani gani. Walioendesha kazi hiyo kwa miaka mingi watajibu kwamba mtu anayelala chini ya daraja hawezi kukumbuka siku ya kwenda kliniki, wala dawa zake hazina pa kuwekwa. Ila hapa napo pameingia dosari ya kiofisi. Katika Los Angeles hati nyingi zimekaa bila ya kutumika, kwa kuwa wizara moja ilikuwa na hati na nyingine haikuwa na maofisa wa kutosha.

Mji wa New Orleans ulionyesha dawa ya maradhi hayo. Mwaka 2014 halmashauri, wizara na vyama viliweka orodha moja ya majina ya kila askari asiye na makazi. Waligawana majina hayo, wakakutana mara kwa mara kuulizana jina kwa jina. Januari 2015 Meya Mitch Landrieu alitangaza kwamba askari 227 wamekwisha kupatiwa nyumba. Kwa waliosoma tarehe ya Uislamu jambo hili si geni, maana Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alipoanzisha diwani alianza na daftari la majina ya askari na stahiki zao. Bila ya jina, stahiki haina mwenyewe.

Tukirudi Los Angeles, huko ndiko kwenye kisa kizito zaidi. Ili mtu aingie katika baadhi ya nyumba zilizojengwa kwa ajili ya askari, pato lake lilitakiwa lisizidi kiwango fulani. Serikali nayo humlipa fidia askari aliyeumia kazini, na kadiri jeraha linavyokuwa kubwa ndivyo fidia inavyoongezeka. Fidia ikahesabiwa kuwa pato. Matokeo yake ni kwamba aliyepoteza miguu aliambiwa ana fedha nyingi mno hata hawezi kupewa chumba, na aliyejeruhiwa kidogo akapita. Sharti hilo liliandikwa kuwalinda maskini, na hapana karani aliyelivunja. Wote walifuata kanuni. Ilichukua mpaka Agosti 2024 kwa Wizara ya Nyumba kutamka kwamba fidia ya ulemavu wa vitani isihesabiwe katika kupima nani astahiki mpango huo.

Katika mji huo huo kuna ardhi iliyotolewa hadiya mwaka 1888 iwe makao ya askari walemavu. Kwa istilahi yetu tungeiita wakfu. Miaka ilipopita, sehemu zake zilikodishwa: chuo kikuu kikapata uwanja wa mpira, shule ya kulipia ikapata viwanja vya michezo, huku askari wakilala katika mahema kando ya ua wake. Septemba 2024 Jaji David O. Carter aliamua kwamba mikataba hiyo ilikuwa kinyume cha sheria, akaamuru zijengwe nyumba 1,800 za kudumu na 750 za muda. Serikali ikakata rufaa. Visiwani kwetu, ambako nyumba za wakfu zimejaa Mji Mkongwe, hapana haja ya kueleza kwa urefu mali ya namna hiyo hupotea kwa njia gani.

Zanzibar ilipoanza kulipa Pensheni Jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, haikuuliza mzee ana pato gani. Kiasi kilikuwa kidogo na wapo waliokibeza. Lakini kwa uamuzi huo mlango ule wa Los Angeles haukupata kufunguliwa hapa. Mlango uliobaki ni wa vitambulisho na tarehe za kuzaliwa, ambao mzee wa shamba asiye na karatasi anaujua vizuri kuliko ofisa wa mjini.

Kwa sababu hiyo, mkataba wa ruzuku unapoletwa mezani, iwe inatoka hazina yetu au kwa mfadhili wa ng'ambo, masharti yake yafasiriwe kwa Kiswahili na apelekewe sheha ayasome kabla ya Katibu Mkuu kutia saini. Sheha ndiye anayemjua mjane aliyepanga ukumbini, mlemavu anayelala dukani kwa watu, na yule asiye na cheti. Apewe wiki mbili, na aandike kwa majina ni nani katika shehia yake atakayeachwa nje.