Mhafidhina wa Kaaga ni Nani? Asili ya Majina Mawili na Mipaka ya Kwizi za Siasa

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, kwenye makundi ya WhatsApp ya Wameru tulio ughaibuni huanza kuzunguka kiungo cha kwizi ya siasa. Unajibu maswali kuhusu kodi, ndoa, bunduki na serikali, kisha unaambiwa wewe ni mliberali au mhafidhina, wa kushoto au wa kulia. Wengi wetu tuliolelewa Kaaga, huko Meru nchini Kenya, ndani ya Kanisa la Methodisti na chini ya wazee wanaoiheshimu Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, tunapata majibu ya kushangaza. Mama asiyekosa ibada ya Jumapili anaambiwa ni wa kushoto. Kijana aliyeupinga Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 kwa nguvu zake zote anaambiwa ni wa kulia. Nimeona watu wakirushiana maneno na hata kuhama kundi kwa sababu ya majina hayo, na inaniuma, kwa kuwa wengi wao wanakubaliana kuliko wanavyodhani.

Majina yalikotoka

Habari ya kushoto na kulia ilianza Ufaransa mwaka 1789. Katika bunge la mapinduzi, waliotaka mfalme abaki na mamlaka makubwa walikaa upande wa kulia wa spika, na waliotaka kumpunguzia mamlaka wakakaa kushoto. Mwaka uliofuata Edmund Burke, mbunge wa Uingereza, aliandika kitabu cha kuyapinga mapinduzi hayo. Kwa maoni yake, taasisi zilizojengwa na vizazi vingi zina hekima ambayo kizazi kimoja hakiwezi kuibuni kwa pupa. Zirekebishwe taratibu, zisibomolewe. Huo ndio moyo wa uhafidhina mpaka leo.

Uliberali ulianzia kwa mtu binafsi na haki zake: imani yake, mali yake, kauli yake, na kutawaliwa kwa ridhaa yake. Katika karne ya 19 mliberali wa Uingereza alidai biashara huria na serikali isiyoingilia soko. Marekani mambo yaligeuka wakati wa Rais Franklin Roosevelt, miaka ya 1930. Tangu hapo mliberali wa huko ni yule anayetaka serikali iwasaidie wazee, maskini na wasio na kazi, kwa hoja kwamba mwenye njaa hana uhuru kamili. Huko Australia, chama cha Liberal kilichoundwa mwaka 1944 ndicho nyumba ya wahafidhina. Kwa hiyo Mkenya wa Sydney na Mkenya wa Boston wanaweza kujiita waliberali wote wawili, na kwenye sanduku la kura wakawa mahasimu.

Meru ya 1956

Sasa tuyapime majina hayo kwa historia yetu wenyewe. Wamethodisti walifungua misheni Kaaga mwaka 1912. Pamoja na shule na dawa walileta vita dhidi ya tohara ya wasichana, na kwa miongo mingi jambo hilo liliwagawa waumini na majirani zao. Kisha mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, viongozi wa Njuri Ncheke waliipiga marufuku tohara hiyo. Serikali ya kikoloni ilikuwa nyuma ya uamuzi huo.

Wasichana wakakataa. Walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani kwa makundi na kukatana wenyewe kwa wenyewe, bila ngariba, bila sherehe na bila ruhusa ya mtu. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 2,000, wasichana na wazazi wao, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika na wengi kutozwa faini.

Sasa wapange watu hao kwenye mstari wa kushoto na kulia. Wazee ambao kazi yao ni kulinda mila ndio walioibadilisha mila, wakisaidiana na dola. Wasichana waliowaasi baba zao, wazee na serikali kwa pamoja walifanya hivyo ili wasiipoteze desturi ya mama zao. Kanisa lilitaka mabadiliko katika jambo hili, lakini kuhusu pombe na ndoa ya wake wengi halikutaka mjadala. Mimi nashukuru kwamba sheria ya mwaka 2011 imeharamisha ukeketaji kote Kenya. Hata hivyo siwezi kuieleza 1956 kwa kusema huyu mliberali na yule mhafidhina. Kila mmoja alikuwa na jambo la kuhifadhi na jambo la kubadilisha.

Kwizi inapima nini?

Kwizi moja maarufu mtandaoni, Political Compass, ilianza mwaka 2001. Ina kauli 62, na kila moja ina majibu manne: unakubali au unakataa, kwa nguvu au kwa kiasi. Hakuna nafasi ya kati, wala ya kusema inategemea. Ubora wake ni kwamba inatumia mistari miwili, mmoja wa uchumi na mwingine wa mamlaka ya dola na jamii juu ya mtu. Mstari mmoja haukutosha, maana wapo wanaopenda soko huria na kuchukia polisi, na wapo wanaopenda huduma za bure na nidhamu kali.

Moja ya kauli zake inahoji kama ardhi inafaa kuwa bidhaa ya kununuliwa na kuuzwa. Mpe swali hilo mzee wa Kaaga. Atakubali kwa nguvu kwamba haifai. Shamba lina makaburi ya baba zake, ni la watoto wa watoto wake, na anayeliuza bila kuita familia anatafuta laana. Hata bodi za ardhi zilizowekwa na sheria ya mwaka 1967 huwa zinataka kujua kama mke na watoto wameridhia kabla ya kupitisha mauzo ya shamba. Kwizi haijui hayo. Itamsogeza mzee kushoto, karibu na wanaotaka kufuta umiliki binafsi, ilhali amejibu kwa sababu ya kihafidhina kabisa. Jibu limehesabiwa, sababu haikuulizwa.

Tatizo lingine ni mtungaji. Kwizi fupi ya maswali 10 inayojiita ndogo kuliko zote duniani ilitungwa mwaka 1985 na Marshall Fritz, mwanaharakati wa Kimarekani aliyetaka serikali ipunguzwe katika uchumi na katika maisha binafsi. Maswali yameandikwa kwa namna ambayo watu wengi hujikuta wakielekea upande wake. Na tusidhani shida ni ya Waafrika peke yetu. Mwaka 1964 mtaalamu wa siasa Philip Converse alionyesha kwamba hata Wamarekani wengi hawakuwa na misimamo iliyofuatana kwa mantiki ya uliberali au uhafidhina. Walihukumu jambo moja moja, au waliangalia linawafaa akina nani.

Miraa, muguka na Katiba

Hata katika mambo ya karibuni majina hayo hayatoshi. Miraa ya Meru, mmea wa kutafunwa unaochangamsha, iliingia Uingereza kihalali mpaka Juni 2014. Kamati ya washauri wa serikali kuhusu dawa za kulevya ilishauri isipigwe marufuku, lakini waziri wa mambo ya ndani Theresa May wa chama cha Conservative akaamua kinyume, ndani ya serikali ya mseto ambayo chama hicho kiliiunda na Liberal Democrats. Wahafidhina na waliberali walikuwa meza moja, na mkulima wa Igembe, Meru, akapoteza soko.

Mei 2024 ikawa zamu ya Embu. Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka, aina ya miraa inayolimwa Embu, huko Mombasa, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, kwa kilio cha wazazi wa Pwani walioona vijana wao wakiharibikiwa. Wakulima wa Mbeere, huko Embu, wakalia kwamba karo za watoto zinatoka kwenye muguka. Rais Ruto alisema marufuku hizo hazina nguvu kwa kuwa Sheria ya Mazao ya 2013 inautambua mmea huo, na mahakama ya Embu ikasimamisha zile za Mombasa na Kilifi. Ukiuliza kwenye kwizi kama dawa za kulevya zihalalishwe, mkulima wa Mbeere atasema hapana, na atakuwa mkweli, kwa sababu kwake muguka ni zao la shamba.

Katiba yetu ya 2010, iliyopitishwa kwa takriban asilimia 67 ya kura, ni hivyo hivyo. Ibara ya 26 inazuia utoaji mimba isipokuwa kwa masharti maalumu, na ya 45 inataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Lakini ya 43 inampa kila mtu haki ya afya, nyumba, chakula, maji na elimu, na ya 27 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika nafasi za uongozi. Huko Marekani ibara hizo zingegawanywa kati ya vyama viwili. Kenya zimo kwenye kitabu kimoja, na wengi wetu tunazikubali zote.

La kufanya

Fanya kwizi ukipenda, inaweza kukuzindua kuhusu jambo ambalo hujalifikiria. Ila kwanza tazama ni nani aliyeitunga, na kila unapojibu jiulize kwa nini. Mwenzako akijiita mhafidhina, muulize anataka kuhifadhi nini. Akijiita mliberali, muulize anataka uhuru wa nani, na kutoka kwa nani. Majibu ya maswali hayo yatakuonyesha mengi kuliko alama kwenye mchoro.

Mwaka 2027 Wakenya walioandikishwa ughaibuni watapiga kura ya urais. Vyama vitakuja na majina mapya kama kawaida. Tusiwaulize wagombea wako upande gani. Tuwaulize kuhusu bima ya afya, ardhi ya familia, bei ya miraa na kodi, kisha tuwashike kwa maneno yao.