MENO YETU YANASEMA NINI?

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji, wakapita Tabora, mpaka Bagamoyo. Ile pembe waliyoibeba begani ni jino la ndovu. Leo tuzungumze juu ya meno yetu wenyewe.

Wataalamu hupima meno ili wajue binadamu wanavyotofautiana. Wanatumia kipimo chenye midomo miwili, mfano wa koleo. Wanabana jino, halafu wanasoma milimita. Kila jino hupimwa mara mbili: urefu wake kufuata safu ya meno, na upana wake toka shavuni hadi kwenye ulimi.

Kwa nini meno? Kwanza, jino likishaota halikui tena, ila huweza kulika. Pili, ni gumu kuliko mfupa, hivyo hudumu sana ardhini. Mwaka 1959 Bibi Mary Leakey aliokota fuvu huko Olduvai. Ni la kiumbe aliyeishi miaka kama 1,750,000 iliyopita, akaitwa Zinjanthropus. Upana wa magego yake ni karibu maradufu ya yetu! Lakini yeye si babu yetu, ni wa ukoo wa jirani uliokwisha.

Je, kipimo kitatuambia huyu Mnyamwezi, yule Mmanyema? Hapana. Kwa kawaida meno ya wanaume ni makubwa kidogo kuliko ya wanawake, ila wapo wanawake wanaowazidi wanaume. Hata katika kijiji kimoja watu hutofautiana sana. Na hapa Tabora watu wa pwani, wa Kongo na wenyeji wameoana tangu enzi za misafara.

Zamani Wanyamwezi wengi walichonga meno mawili ya mbele, ya juu. Hiyo ilikuwa mila, siyo damu. Watoto wao waliota meno mazima.

Tukumbuke jambo moja. Wakati wa Wajerumani, mafuvu mengi ya Afrika Mashariki yalipelekwa Berlin kupimwa. Walikuwapo wapimaji waliotaka kuonyesha watu gani ni bora. Milimita haisemi nani bora. Basi mtu akikwambia, "Fulani si mwenzetu, tazama meno yake," usikubali.

MASWALI
1. Jino hupimwa vipi?
2. Kwa nini mtoto harithi meno ya kuchongwa?
3. Jadilini: katika kijiji chenu, watu hubaguana kwa alama gani za mwili?